Kazi Yangu ni Kuuza Tu

Nakuomba, msomaji, usimame pamoja nami kwa kitambo kidogo mbele ya meza ya duka. Duka lenyewe halimo katika nchi yetu. Limo Marekani, nchi ambamo bunduki huuzwa madukani waziwazi, kama jembe na panga ziuzwavyo kwetu. Ukutani zimepangwa bunduki za kuwindia kulungu na bata, na chini ya kioo zimelazwa bastola safu kwa safu. Anaingia mtu wa makamo aliyevaa nguo safi. Mwuzaji amsalimu na kumwuliza ataka silaha ya kazi gani. Ajibu kwamba yo yote itamfaa. Amwuliza kama apenda kuonyeshwa jinsi ya kuisafisha na kuitia mafuta. Ajibu kwamba hakuna haja. Amwuliza atachukua risasi ngapi, na hapo mnunuzi atazama chini na kusema, "Chache tu zatosha. Sitakaa nayo siku nyingi."

Mwuzaji amesikia. Masikio yake ni mazima na akili zake ni timamu. Neno limeanguka juu ya meza, kati yake na mnunuzi, karibu na bastola yenyewe. Je, afanye nini?

Mtu huyo nimemtunga mimi, lakini neno lake sikulitunga. Maneno ya namna hiyo yametajwa katika karatasi ya mafunzo waliyoandikiwa wauza silaha wa jimbo la New Hampshire, na habari ya karatasi hiyo nitakusimulia punde. Kwanza nataka usikie jibu ambalo watu wengi hulitoa wakiulizwa swali langu. Husema, "Mwuzaji na auze. Yeye si daktari, si padri, wala si mzazi wa mnunuzi. Karatasi zikiwa sawa na fedha zikiwa kamili, basi kazi yake ni kuuza tu." Jibu hilo hunenwa kwa sauti ya hekima, tena na watu wenye elimu. Nimeshika kalamu ili nilipinge, wala sitafuti suluhu nalo.

Mwaka 2009, katika muda usiotimia juma moja, watu watatu wasiojuana walinunua silaha katika duka moja la New Hampshire, na kila mmoja wao alijiua kwa silaha hiyo kabla ya saa nyingi kupita. Mwenye duka alipopata habari angaliweza kusema kwamba yeye aliuza tu. Hakusema hivyo. Aliketi na wataalamu wa afya, na wauza silaha wenzake, na watu wanaotetea haki ya raia kuwa na bunduki, wakaulizana mtu aliye nyuma ya meza aweza kufanya nini. Katika baraza hilo zilitoka picha za kubandika madukani, vijitabu vya kuwapa wanunuzi, na ile karatasi ya mafunzo. Karatasi yawaeleza wauzaji mambo ya kuangalia: mnunuzi asiyejua silaha wala hataki kujua, aliye na haraka isiyo na sababu, asiyejali ni silaha gani apewayo, anayetaja msiba uliompata karibuni, kama kuvunjika kwa ndoa au kufukuzwa kazi, na anayesema jambo linaloonyesha kwamba hatakuwapo kwa muda mrefu. Tena wapenda silaha wa Marekani wanazo amri zao kumi za usalama, wafundishanazo tangu utotoni. Wenye baraza waliongeza ya kumi na moja: ukimwona ndugu au rafiki amezama katika huzuni, saidia kuiweka silaha mbali naye mpaka apone.

Wachunguzi walipozunguka madukani baadaye bila kujitangaza, walikuta karibu nusu ya maduka ya jimbo yameziweka karatasi hizo. Nusu si haba kwa watu ambao hawakuamriwa na serikali. Tena nataka uangalie ni nani walioketi pale. Hawakuwa maadui wa bunduki. Walikuwa watu wanaoishi kwa kuziuza, na mwaka 2016 chama kikubwa cha wafanya biashara ya silaha cha Marekani chenyewe kiliungana na shirika la kuzuia kujiua katika kazi hiyohiyo. Kwa hiyo atakayeniambia kwamba haya ni mawazo ya watu wasiojua biashara, amekwisha kujibiwa na wenye biashara.

Sisi tulio mbali tunaposikia habari za bunduki za Marekani huwaza majambazi, au mwendawazimu aliyevamia shule. Hayo yapo, na ni mabaya. Lakini katika mwaka 2022 watu zaidi ya 27,000 wa nchi ile walikufa kwa kujiua kwa silaha, nao walikuwa zaidi ya nusu ya watu wote waliouawa na risasi mwaka huo. Hawakutangazwa sana. Kila mmoja alikuwa peke yake, na mlango umefungwa.

Je, sheria haiwezi kumtambua mtu kama huyo? Sheria ya Marekani humtaka mnunuzi wa dukani ajibu maswali katika fomu, na jina lake likaguliwe katika kumbukumbu za serikali. Mpango huo wa ukaguzi ulianza kazi mwaka 1998, na mara nyingi jibu hurudi katika dakika chache. Fomu yauliza kama mtu amepata kuhukumiwa kwa kosa kubwa, au kama amepata kupelekwa kwa amri katika hospitali ya wagonjwa wa akili. Maswali hayo ni mema, ila ni maswali ya jana. Mtu aliyefukuzwa kazi asubuhi hii hana doa katika kumbukumbu yo yote. Majimbo mengine humngojesha mnunuzi, California kwa siku 10 na Hawaii kwa siku 14, lakini sheria ya nchi nzima haimngojeshi baada ya jibu jema kurudi. Basi kati ya mtu huyo na bastola amebaki mlinzi mmoja, yaani mtu aliye nyuma ya meza. Ukimfundisha kwamba kazi yake ni kuuza tu, umemwondoa mlinzi wa mwisho, kisha ukaita jambo hilo utaratibu.

Watanitolea uhuru. Watasema kwamba Marekebisho ya Pili ya Katiba ya Marekani, yaliyothibitishwa mwaka 1791, yalinda haki ya raia kuwa na silaha. Sigombani na katiba ya watu. Lakini haki hiyo huizuia serikali. Haikumfunga mwenye duka mikono. Mwuzaji anayo ruhusa ya kukataa kumwuzia mtu anayemtilia shaka, naye huitumia amwonapo mlevi, au mtu anayemnunulia mwenziwe aliyekatazwa na sheria. Mtu ajuaye kumkataa mnunuzi kwa ajili ya usalama wa wengine, mbona aisahau elimu yake usalama unapokuwa wa mnunuzi mwenyewe? Uhuru upo pande zote mbili za meza.

Wengine hupanda juu zaidi na kunena kwamba kila mtu ana mamlaka juu ya uhai wake. Hilo ni shauri refu la wanafalsafa, nami sitaliingia, kwa kuwa mtu yule aliyesimama dukani hakuja na falsafa. Amekuja na maumivu. Atoaye neno kama lile mbele ya mgeni aghalabu ana watu wawili ndani ya moyo wake, mmoja ataka kwenda na mwingine ataka kuzuiwa, na neno lile ni la yule wa pili. Mwuzaji akinyamaza hakukaa kando, kama apendavyo kujidhania. Amechagua upande. Amemsaidia wa kwanza kumshinda wa pili, tena amepokea malipo kwa msaada huo.

Sasa nafika kwenye hoja ambayo ndiyo ngome yao. Husema, "Mtu aliyeazimia kufa hazuiliki. Ukimnyima hapa atapata pale. Penye nia pana njia." Methali hiyo ni njema sana darasani, mwalimu anapomhimiza mtoto mvivu. Lakini methali hutungwa kwa mahali pake, na wanaoitoa hapa huichukulia nia ya kufa kuwa jiwe, lisilobadilika leo wala kesho. Laiti wangaliwauliza watu walionusurika. Katika mji wa Houston, Texas, wachunguzi waliwauliza watu 153, wenye umri wa miaka 13 mpaka 34, waliokuwa wamejaribu kujiua na kukaribia kabisa kufa, ni muda gani ulipita kati ya kuamua na kutenda. Karibu mmoja katika kila wanne alisema kwamba hazikutimia dakika tano. Dakika tano, msomaji! Ni muda usiotosha kuchemsha chai. Huo ndio urefu wa ile nia wanayotuambia kwamba haizuiliki.

Pale San Francisco liko daraja mashuhuri sana, ambalo kwa miaka mingi lilikuwa mahali pa misiba ya namna hii. Mchunguzi mmoja, Richard Seiden, aliandika mwaka 1978 habari za watu 515 waliozuiwa darajani hapo toka mwaka 1937 mpaka mwaka 1971. Alitaka kujua kama kweli mtu akizuiwa hapa huenda kufia pale. Alikuta kwamba zaidi ya watu tisa katika kila kumi walikuwa wangali hai, au walikuwa wamekufa kwa maradhi na sababu nyingine za kawaida. Hawakwenda kutafuta njia nyingine. Walirudi makwao wakazeeka. Ingawa hivyo, wenye daraja walikawia mno. Wavu wa kuwaokoa watu haukukamilika mpaka mwanzo wa mwaka 2024. Naona uvivu huo ulikuwa na mizizi katika methali ileile.

Na kama daraja moja halikutoshi, tazama nchi nzima. Katika Uingereza ya miaka ya 1950 gesi ya nyumbani ilitengenezwa kwa makaa ya mawe, nayo ilikuwa na sumu. Watu wengi walipoteza maisha yao kwayo kwa makusudi. Baadaye iliondolewa, mji baada ya mji, ikaletwa gesi isiyo na sumu hiyo kutoka chini ya bahari. Jambo hilo lilifanywa kwa hesabu za fedha. Hakuna aliyekuwa akifikiri juu ya watu wenye huzuni. Hata hivyo, watu waliojiua katika Uingereza na Wales, waliokuwa 5,714 mwaka 1963, walipungua wakawa 3,693 mwaka 1975. Shida za maisha hazikuwa zimepungua, maana wasio na kazi walikuwa wameongezeka. Kama penye nia daima pana njia, wale elfu mbili na zaidi kwa mwaka walikwenda wapi? Jibu ni kwamba hawakwenda po pote. Nia ilikuja usiku, haikukuta njia karibu, ikaondoka alfajiri.

Jambo hili ni zito zaidi kwa bunduki kuliko kwa vitu vingi vingine, kwa kuwa risasi haimpi mtu nafasi ya kujuta. Aliyekosa njia leo aweza kumwita mama yake leo. Ndiyo maana kumcheleweshea mtu silaha hata kwa siku mbili si upuuzi, wala si kumtesa. Siku mbili ni umri mrefu sana kwa nia ya dakika tano.

Hoja mbili zilizobaki ni ndogo, bali zimeenea mno, na yamkini umepata kuzisema wewe mwenyewe. Ya kwanza ni kwamba asemaye hatendi: debe tupu haliachi kuvuma. Wangapi wamezikwa baada ya kuitwa debe tupu! Wengi wa wanaojiua hutoa dalili kabla, kwa neno au kwa tendo, na baadaye jamaa huketi matangani wakikumbushana: kumbe alisema, kumbe aliaga. Wahenga waliokwambia habari za debe ndio waliokwambia pia kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Ya pili ni kwamba ukimwuliza mtu kama awaza kujiua utamtia wazo hilo kichwani. Hii yaonekana kuwa huruma, lakini ni woga uliovaa kanzu ya huruma. Wataalamu waliokusanya tafiti nyingi juu ya swali hilo walichapisha matokeo mwaka 2014: hawakuona kwamba kuulizwa humwongezea mtu fikira za kujiua, huenda kukazipunguza. Wazo tayari analo, amelibeba peke yake kwa siku nyingi, nawe unamwuliza kama anataka kulitua.

Hebu basi turudi dukani, tumsikie mwuzaji aliyeacha kujificha nyuma ya kazi yake. Hakurupuki kumpigia kelele mnunuzi, wala hamwiti mwendawazimu. Airudisha bastola chini ya kioo, afunga kwa ufunguo, na kuegemea meza.

"Ndugu yangu," asema, "umesema hutakaa nayo siku nyingi. Neno hilo limenishtua. Je, unafikiri kujiua?"

Tuseme mnunuzi acheka, ajibu kwamba ni mzaha tu.

"Huenda ni mzaha," mwuzaji asema. "Mimi leo siuzi, hata kama ni mzaha. Utanisamehe. Lakini sikufukuzi. Umepatwa na nini?"

Angalia maneno hayo, kwa kuwa hayana ufundi wo wote. Hayakusomwa katika chuo cha udaktari. Yametaja jambo kwa jina lake bila kuzunguka, kisha yakakataa kuuza, kisha yakamwachia mtu mlango wazi. Watu wengi hudhani kwamba kazi yaisha kwenye kukataa. Haishi. Mtu akikataliwa na kusukumwa nje atakwenda duka la pili, na huko mwuzaji atakuwa yule wa "kuuza tu". Kwa sababu hiyo mwuzaji mwema huuliza ni nani aliye nyumbani, ni ndugu gani awezaye kuitwa, humpa nambari ya simu ya watu wa msaada, na akiona hatari i karibu huwaita wenye mamlaka. Aweza pia kuwapigia wauzaji wenziwe wa mji huo simu kuwatahadharisha. Asipoteze muda kuhesabu faida iliyompita. Faida ya bastola moja ni ndogo.

Sikusema kwamba mwuzaji aweza kuijua mioyo yote. Wako wanunuzi wasiotoa dalili hata moja. Huingia wakitabasamu, husimulia habari za uwindaji, na kutoka. Aliyewauzia hao simlaumu, wala pasiwe na mtu wa kumlaumu. Ninayemlaumu ni aliyesikia. Tofauti kati ya kutosikia na kusikia ndiyo insha hii yote.

Sasa utaniuliza, na ni haki yako: haya yatuhusu nini sisi? Katika Kenya raia hanunui bastola kama anunuavyo jembe. Hana budi kupata leseni kutoka Bodi ya Leseni za Silaha, na wengi wetu hatutasimama kamwe nyuma ya meza ya bunduki. Ni kweli. Lakini meza ziko nyingi. Iko meza ya duka la pembejeo, mahali wakulima wanaponunua dawa ya kunyunyizia nyanya na kahawa, na huko nako huingia mtu asiyejua kama ataka dawa ya mmea gani. Katika Sri Lanka serikali ilipiga marufuku dawa za shambani zilizo hatari zaidi, moja baada ya nyingine, na toka mwaka 1995 mpaka mwaka 2015 kiwango cha watu waliojiua kilipungua kwa kiasi cha asilimia 70. Mashamba hayakufa kwa ajili hiyo. Mama mwenye duka asiyeweza kupiga marufuku kitu cho chote aweza hata hivyo kuuliza, "Kijana wangu, shamba lenu lina nini?" na, kijana akikosa jibu, kumwekea kiti.

Kwetu kuna jambo lililoufanya ukimya kuwa mzito zaidi. Kifungu cha 226 cha Sheria ya Makosa ya Jinai, tulichorithi kwa wakoloni, kilimhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, naye aliweza kufungwa hata miaka miwili. Fikiri maana yake. Mtu aliokolewa kutoka kinywani mwa mauti, akafumbua macho hospitalini, akamkuta askari mlangoni. Nani angaliyasema mawazo yake mapema, naye ajua kwamba kuyasema ni kujisogeza karibu na jela? Mwezi wa Januari mwaka 2025 Mahakama Kuu ya Nairobi iliamua kwamba kifungu hicho kinapingana na Katiba. Nilifurahi sana. Lakini jaji aweza kufuta kifungu kwa siku moja. Hawezi kuifuta aibu. Katika vijiji vingi aliyejiua angali huzikwa haraka haraka, kwa minong'ono, na jamaa zake hutazamwa kama kwamba wameiba. Kila mnong'ono kama huo humfundisha mtu mwingine aliye hai kufunga mdomo wake.

Na iko meza nyingine iliyo karibu nawe kuliko zote, nayo ni dawati. Shirika la Afya Duniani lataja kujiua miongoni mwa sababu tatu kuu za vifo vya vijana wenye umri wa miaka 15 mpaka 29. Basi tuseme rafiki yako wa bweni, aliyekuwa mcheshi, amekuwa hali wala halali. Amegawa viatu vyake vya michezo na vitabu alivyovipenda. Usiku mmoja asema, "Muhula ujao hamtanisumbua tena." Nawe umesikia. Jibu la "si kazi yangu" lakungojea mdomoni, nalo ni ndugu wa "kazi yangu ni kuuza tu". Wamezaliwa na mama mmoja.

Huenda atakuapisha usimwambie mtu. Hapa ndipo vijana wema hushindwa, kwa sababu wamefundishwa kwamba kutunza siri ni uungwana. Kutunza siri ni uungwana siri inapokuwa ya mwenye siri tu. Hii ina mama yake ndani yake, na ndugu zake, na wewe. Ivunje. Mwambie mbele yake, bila hila, kwamba utaivunja: "Sitakaa na jambo hili peke yangu. Twende wote kwa mwalimu." Usimwendee mwalimu ye yote tu, wako walimu ambao watamleta mbele ya gwaride la asubuhi na kumfanya mfano. Mtafute yule wa ushauri, au matroni, au kasisi, au imamu, au mzazi unayemwamini, na kama wa kwanza akikupuuza nenda kwa wa pili. Iko pia simu ya watoto na vijana, nambari 116, isiyotozwa malipo. Na kama wewe mwenyewe, unayesoma ukurasa huu, ndiwe unayegawa viatu vyako, basi nimekuwa nikisema nawe tangu mwanzo. Mwambie mtu leo hii, kabla ya taa kuzimwa.

Mpaka mtu mzima apatikane usimwache rafiki yako peke yake. Usimhutubie. Usimwambie kwamba wako wenye shida kuliko zake, maana analijua hilo na halikumsaidia. Keti naye. Kama kuna kitu cha hatari karibu naye kiondoe, au mwombe mkubwa akiondoe. Akitaka kwenda nje kupunga upepo, nenda naye. Akikasirika na kukuuliza mbona unamfuata kama mkia, mwambie kwamba hata wewe hupati usingizi, kisha uendelee kutembea ubavuni mwake, mkizunguka kiwanja cha mpira mara kumi kama ikibidi, hadi mwalimu atakapotokea na kurunzi yake.